Barua kwa mwanangu: Superman uanzie wapi

Mwanangu Salum,

Umeniuliza uanzie wapi na Superman. Popote, ila si mwanzo. Action Comics namba 1, komiki (kitabu cha hadithi za picha) yake ya kwanza, ilitoka mwaka 1938, kazi ya Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland waliomwuza shujaa wao kwa dola 130. Tangu hapo matoleo hayahesabiki, na ukiyafuata kwa namba utachoka mapema. Komiki hizi huandikwa kwa zamu: mwandishi anaondoka, mwingine anaingia, hadithi inaanzishwa upya. Wewe tafuta zile zinazoanza na kuisha ndani ya kitabu kimoja.

Anza na Superman Smashes the Klan ya Gene Luen Yang, michoro ya Gurihiru, ya mwaka 2019 hadi 2020. Ni sehemu tatu tu. Tupo mwaka 1946, familia ya Kichina imehamia mtaa mpya Metropolis, mji wa kubuni anakoishi Superman, na wabaguzi wanawachomea msalaba mbele ya nyumba. Superman wa humu hapai bado. Anakimbia na kuchupa, maana sehemu yake iliyotoka sayari nyingine anaiogopa na kuificha. Kiini cha kisa kimetoka kwenye mchezo wa redio uliorushwa mwaka huohuo wa 1946.

Kisha All-Star Superman ya Grant Morrison na mchoraji Frank Quitely, matoleo 12, 2005 hadi 2008. Ukurasa wa kwanza usiuruke. Una visanduku vinne vya picha na maneno manane ya Kiingereza, mawili mawili: sayari inayokufa, wanasayansi waliokata tamaa, tumaini la mwisho, mume na mke wenye huruma. Umeshajua alikotoka, mwandishi mwingine angekula toleo zima. Baada ya hapo twende polepole, kwa kuwa Quitely hufanya mambo mengi bila maneno. Mtazame Clark Kent, yaani Superman akijificha kama mtu wa kawaida, anavyojikwaa: mara nyingi kule kujikwaa kumemwokoa mtu, na mwenyewe hana habari.

Filamu yake ya katuni ni ya mwaka 2011, imeandikwa na Dwayne McDuffie, dakika 76. Hesabu mwenyewe: matoleo 12 hayaenei humo. Mazishi ya baba mlezi wa Superman yameachwa. Umeachwa pia ule ukurasa wa toleo la 10, msichana aliyesimama ukingoni mwa jengo refu na Superman akatua nyuma yake kumsemesha. Kwangu huo ndio ukurasa bora wa kitabu, kwa hiyo soma kwanza, filamu ifuate. Ukigeuza utadhani umeshamaliza.

The Death of Superman, komiki ya pambano linalomwua, ni somo la namna ukurasa unavyofanya kazi. Matoleo manne ya mwisho ya pambano yanahesabu kurudi nyuma: la kwanza lina visanduku vinne kila ukurasa, linalofuata vitatu, kisha viwili, na Superman namba 75 ni picha moja kwa kila ukurasa mpaka anapoanguka. Ngumi ni zilezile, ila wewe unafunua kurasa haraka zaidi na moyo unadunda. Filamu ya mwaka 2018 haiwezi kufanya hivyo, kwani kioo cha televisheni ni kisanduku kimoja toka mwanzo hadi mwisho. Hapohapo ndipo simu inapoharibu: programu nyingi za kusomea hukuza kisanduku kimoja kimoja, basi kila toleo linafanana na la 75. Zima mpangilio huo. Picha ikitapakaa kurasa mbili, laza simu. (Akikuuzia mtu namba 75 ndani ya mfuko wake mweusi kwa bei ya dhahabu, mshukuru upite. Wengi walizihifadhi, ndiyo maana si adimu.)

Katuni fupi za Superman zilizoanzishwa na studio ya Fleischer, 1941 hadi 1943, ni 17. Tisa za kwanza ni za Fleischer wenyewe, na hizo ndizo nzuri zaidi. Katika The Mechanical Monsters utaona Superman akimkinga mwandishi wa habari Lois kwa joho lake huku chuma kilichoyeyuka kikimiminika juu yao. Angalia mwanga na vivuli. Kwa kuwa hazina tena hakimiliki, mtandaoni zimejaa nakala mbovu. Nguo ya buluu ikionekana nyeusi, tafuta nakala nyingine.

Red Son, komiki ambamo roketi iliyomleta Superman akiwa mtoto inatua Ukraine badala ya Kansas, Marekani, isubiri. Utamu wake ni kujua kilichogeuzwa.

Mwisho chukua For the Man Who Has Everything ya Alan Moore na Dave Gibbons, 1985. Ni siku ya kuzaliwa ya Superman, na mmea umemganda kifuani ukimwotesha ndoto kwamba sayari yao haikulipuka: ana mke, ana watoto. Kitabuni sayari hiyo imeoza kwa siasa na baba yake Jor-El amekuwa mzee mwenye uchungu. Mwaka 2004 kisa hicho kikafanywa kipindi cha mfululizo wa katuni Justice League Unlimited, hakifiki nusu saa. Siasa zimekatwa zote, na safari hii mkasi ulijua ulipopita, kwa sababu mtoto amebaki. Tazama anavyomuaga mwanawe Van, akijua kwamba akiamka kijana huyo hajawahi kuwepo.

Hicho usikitazame peke yako. Nisubiri nirudi Ijumaa.

Baba yako