Mbwa asiye na daftari haibiwi, anaokotwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na wenzetu wanaofuga mbwa hapa Tanga, na zaidi na wale wanaonunua. Machoni pa watu wizi wa mbwa hauna uzito wa wizi wa ng'ombe. Ng'ombe akiibwa, kijiji kizima hutoka na marungu. Mbwa akiibwa, majirani husema atarudi tu, kafuata jike. Yakisemwa hayo siku ya kwanza, siku ya pili mnyama keshafika mbali. Mji wetu ni wa waja leo waondoka leo, na mbwa wa wizi naye haongezi siku.

Sheria ipo. Kifungu cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinachotoa adhabu kali kwa wizi wa mifugo kinataja wanyama kama farasi, punda, ngamia, ng'ombe, mbuzi na nguruwe, mbwa hamo. Wengi wamelisikia hilo nusunusu wakadhani kuiba mbwa si kosa. Ni kosa. Mnyama wa kufugwa mwenye mwenyewe ni mali, akichukuliwa bila ridhaa ni wizi kama wizi mwingine, na anayempokea akijua alikotoka ana kosa lake pia. Kinachokwamisha mambo ni swali moja la askari wa zamu: una nini cha kuonyesha kwamba mbwa huyu ni wako? Hapo wengi hubaki wakisema "ananijua, nikimwita anakuja." Lakini yule aliyekutwa naye keshamlisha wiki mbili, naye akimwita anakuja. Mali bila daftari hupotea bila habari, wamesema wenyewe wa biashara, na msemo huo kwa mbwa unafaa kuliko kwa duka.

Daftari lenyewe ni kadi ya chanjo. Watu huichukulia kama karatasi ya kichaa cha mbwa tu, kumbe mara nyingi ndiyo hati pekee yenye mhuri wa mtaalamu inayomtaja mbwa na mwenye mbwa kwa pamoja. Ubaya ni namna inavyojazwa: "Jina: Simba. Rangi: kahawia." Makorora peke yake ina akina Simba wa kahawia wangapi? Siku ya chanjo simama na bwana mifugo, mwombe aandike jinsia, mwezi na mwaka wa kuzaliwa, amehasiwa au hajahasiwa, urefu wa begani kwa sentimita, na alama tatu zisizofutika: kovu na mahali lilipo, umbo la doa jeupe kifuani, kucha nyeupe ya mguu upi, sikio lililochanika upande upi, baka la ulimi. Jina lako liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha Taifa, si jina la utani la mtaani. Ukimaliza ipige kadi picha, maana karatasi na unyevu wa pwani havipatani.

Kisha picha za mbwa. Mbili za ubavu, kulia na kushoto, akiwa amesimama. Moja ya uso. Moja ukiwa naye mlangoni kwako. Piga kivulini, kwa sababu jua la saa saba hufuta rangi na doa la kahawia huonekana jeupe. Ongeza moja ya pua kwa karibu. Mikunjo ya pua ya mbwa hutofautiana kwa kila mbwa kama alama za vidole kwa watu; futa ute kwa kitambaa, usitumie mwanga wa simu, piga mpaka mistari isomeke. Mtoto wa mbwa apigwe upya kila mwezi hadi atimize mwaka. Jemani Shepadi wa miezi miwili masikio yamelala na manyoya ni meusi. Wa miezi minane ni mnyama mwingine kabisa, na picha ya zamani haitakusaidia mbele ya mtu yeyote.

Alama moja usiiandike popote wala usimtajie mtu. Tutaeleza chini sababu yake.

Kuhusu chipu, kuna imani kwamba ukimwekea mbwa utamwona kwenye simu anakokwenda. Si kweli. Ni kitu cha ukubwa wa punje ya mchele kinachochomwa kwa sindano chini ya ngozi katikati ya mabega. Hakina betri. Kinachobeba ni namba ya tarakimu 15, inayosomwa kwa kifaa kikisogezwa sentimita chache kutoka mwilini. Inathibitisha, haitafuti. Kabla ya kulipa, uliza kama daktari ana kisomeo. Aisome chipu ikiwa bado kwenye pakiti, aisome tena ikiwa mwilini, na namba iandikwe kwenye kadi. Bila kuandikwa mahali, ni namba ya mtu asiyejulikana. Chipu huweza kuhama ikashuka begani, kwa hiyo msomaji apitishe kifaa shingo, mabega yote mawili na kifua kabla ya kusema hamna kitu.

Mkanda wa shingoni ni wa kumsaidia mwokotaji mwema, si wa kumzuia mwizi, ambaye ataukata kwa wembe. Vidole viwili vipite chini yake. Kwenye kibati andika namba ya simu tu. Ukiandika jina la mbwa umempa mwizi neno la kumwitia.

Sasa wanaibaje? Mara nyingi kwa nyama, wakati mwingine ikiwa na dawa ya usingizi. Au kwa jike lililo kwenye joto: joto hurudi kama kila miezi sita, hudumu wiki tatu hivi, na dume asiyehasiwa atapita penye tundu lolote kumfuata. Kumhasi dume ni kinga ya wizi kuliko watu wanavyodhani. Watoto wa mbwa huchukuliwa wakiwa na wiki sita hadi nane, umri wanaouzika. Na lipo jambo la hapa kwetu ambalo halina budi kusemwa kwa adabu: kwa kuwa wengi wetu tunamwepuka mbwa kwa ajili ya najisi, tunampisha njia badala ya kumtazama. Mtu anayemburuta mbwa asiye wake kwa kamba ya katani saa kumi na moja alfajiri hupita mbele ya watu wanaokwenda msikitini bila mtu kukumbuka rangi ya mnyama wala sura ya mtu. Jirani asiyegusa mbwa anaweza kabisa kuwa shahidi. Mwonyeshe mbwa wako kwa mbali, amjue.

Mbwa wa mnyororo ndiye rahisi kuliko wote. Hakwepi nyama, hakimbii, na ndoano ya mnyororo mwizi anaifungua kwa kidole. Mjengee banda, tena nyuma ya nyumba karibu na dirisha la chumba cha kulala, lisionekane barabarani. Wavu wa kuku ukatike akilini: koleo linaumaliza mara moja. Weka nondo za milimita 10 zilizochomelewa, nafasi ya sentimita 7 kwa mbwa mkubwa, 4 kama kuna watoto wa mbwa. Makosa hujitokeza pale fundi anapoharakisha. Kipande kinachopokea kufuli akikifunga kwa skrubu, mwizi anakuja na bisibisi wala kufuli haligusi; kipitishwe boliti hadi ndani, na nati zichomelewe. Bawaba yenye pini inayochomoka ni mlango wa pili: tone la kuchomelea juu na chini linatosha. Bati lililopigwa misumari hunyanyuliwa kwa panga, kwa hiyo lifungwe kwa waya kwenye nondo. Kufuli la chuma Raskazone au Sahare, penye upepo wa bahari, hukwama kwa kutu, na likikwama mwenye nyumba huanza kuuacha mlango umeegeshwa. Wizi mwingi huanzia hapo. Nunua la shaba, tia tone la mafuta ya cherehani kila mwezi, na ufunguo wa pili uwe na mtu wa nyumbani kwa ajili ya moto au maradhi.

Kumfundisha mbwa kukataa chakula cha mgeni huchukua wiki tatu hadi nne, dakika kumi asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza, kwenye kamba: chakula kiko chini, haruhusiwi mpaka useme neno lako, na neno liwe ambalo mgeni hawezi kulibahatisha, "kula" au "chukua" hayafai. Wiki ya pili mtu asiyemjua atupe nyama mbele yake nawe umeshika kamba. Akiiacha mpe iliyo bora kutoka mkononi mwako. Wiki ya tatu mgeni atupe kutoka nje ya ukuta, wewe umejificha, kamba bado ipo. Kinachoharibu kazi yote ni watoto wa nyumbani kumrushia mkate. Na mlishe jioni. Mbwa aliyekula ugali wake na dagaa saa moja haparamii nyama saa tisa usiku kama aliyeshinda na njaa.

Ikiwa amekula sumu ya wadudu, atatoka mate mengi, atatetemeka, mboni zitakuwa ndogo kama ncha ya sindano, ataharisha. Usimnyweshe maziwa wala mafuta. Hayaondoi sumu, na mbwa anayetetemeka huyavuta mapafuni. Daktari wa mifugo ana atropini, dawa ya kupunguza nguvu ya sumu hiyo, na dakika ndizo zenye thamani. Matapishi na kipande cha nyama vitie kwenye mfuko kwa mkono uliovikwa plastiki. Ndivyo vinavyoweza kupimwa maabara.

Akishaibwa, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa upate barua, kisha polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu chao. Soma kilichoandikwa kabla ya kuondoka: iwe "ameibiwa", isiwe "amepotea". Taarifa ya kupotea haimfungulii mtu yeyote jalada. Siku hiyohiyo tuma picha kwa madaktari wa mifugo wa mjini na wa Muheza, kwa vijana wa bodaboda wa kijiwe chako, na stendi ya Kange. Barabara kubwa za kutokea ni chache: ya Muheza hadi Segera, ya Pangani, na kilomita 65 za lami hadi Horohoro, mpakani na Kenya. Mbwa anayevushwa mpaka kihalali huhitaji kibali na cheti cha afya, kwa hiyo maofisa wa mifugo wa mpakani wakiwa na picha yake, anayepita naye bila karatasi ana la kujibu.

Kwenye tangazo usiweke kiasi cha zawadi. Utapigiwa simu, na sauti itasema mbwa yuko salama, tuma kwanza ya mafuta. Ni ndugu yake ile "hela tuma kwa namba hii" tunayoijua sote. Hapo ndipo ile alama uliyoificha inapofanya kazi: muulize. Mwenye mbwa mkononi ataiona, tapeli atabahatisha. Ukikubaliana naye kukutana, nenda na askari au mjumbe, mchana.

Haya yote hayatoshi ikiwa mnunuzi haulizi. Muuzaji anayetaka mkutane kituo cha mafuta, asiyekuonyesha mama wa watoto, anayesema kadi ataleta kesho, mwache na mbwa wake. Kadi ikiwepo, isome. Chanjo ya kichaa kwa kawaida huanza kutolewa mtoto akiwa na miezi mitatu. Kadi inayosema aliipata akiwa na wiki tano imejazwa na mtu asiyejua kudanganya. Mbele ya kila chanjo pawe na kibandiko cha chupa chenye namba ya toleo, tarehe, sahihi na mhuri. Fungua kinywa. Meno ya utotoni ni 28, membamba na makali kama sindano. Yale mapana ya mbele huanza kuingia kati ya miezi mitatu na mitano. "Ana wiki nane" mwenye meno mapana ana umri mwingine, na pengine mwenyewe mwingine. Tena mtoto aliyepitishwa mikono mitatu ndani ya gunia hubeba maradhi. Parvo, ugonjwa wa virusi wa kuharisha, hukaa mwilini siku tatu hadi saba kabla ya kuonekana, kwa hiyo aliyenunuliwa Jumatatu akicheza anaweza kuharisha damu Jumamosi, na dalali simu imezimwa.

Ukinunua, andikiana: majina ya wawili, namba za vitambulisho, alama za mbwa, bei, tarehe, shahidi mmoja. Nusu karatasi inatosha. Muuzaji halali haoni tabu. Wa wizi ataanza kuangalia saa.

Ombi letu kwa ofisi ya mifugo ya Halmashauri ya Jiji ni dogo. Inapofanyika chanjo ya kichaa cha mbwa mitaani, meza ipo, kalamu ipo, mbwa yupo na mwenyewe yupo. Kadi iongezewe mistari miwili, ya alama za mwili na ya namba ya chipu kwa aliye nayo, na mistari hiyohiyo inakiliwe kwenye daftari linalobaki ofisini, kwa mtaa, kuanzia Chumbageni hadi Pongwe. Mnunuzi akitaka kujua, aende akalifungue na bwana mifugo kabla hajatoa fedha.

Wafugaji wa mbwa,
Tanga