Zuhura, mfano wako wa mdahalo huu hapa

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, ila baridi ya Ottawa inatutoa roho. Sele kafika na dagaa wako. Forodhani wamempitisha vipi, sijui, na sitaki kujua.

Haya, mdahalo wako. Umetaka mfano wa viti vya wanawake ambao wanafunzi hawajauchosha. Ninao, ila naanzia mbali, univumilie.

Yupo mzee wa Kiinuit, wale wenyeji wa asili wa kaskazini ya mbali huku Kanada, John Amagoalik, wanamwita Baba wa Nunavut, eneo la Wainuit lenye serikali yake. Kazaliwa 1947 upande wa Inukjuak, kaskazini mwa Quebec. Mwaka 1953 serikali ya Kanada ikazipakia familia kadhaa melini, ya kwao ikiwemo, kwa ahadi: mbele huko kaskazini zaidi wanyama wa kuwinda tele, na atakayetaka kurudi baada ya miaka miwili atarudishwa. Karibu kilomita 2,000! Kumbe hawashushwi hata pamoja, hawa Resolute Bay, wale kwingine. Alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi, na anachokumbuka ni kina mama kuangua kilio melini, na mbwa nao wakadakia. Wakashushwa, wakalala mahemani, mahali ambapo kipupwe jua halichomozi kwa miezi. Ahadi ya kurudishwa ndiyo hiyo tena. Wenyewe wanasema walitumwa kuwa bendera, ionekane Kanada ina watu kule. Radhi wameombwa Agosti 2010. Piga hesabu mwenyewe.

Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuongoza chama cha Wainuit wa Kanada, Inuit Tapirisat, vipindi viwili, akidai ardhi mpaka mkataba ukasainiwa 1993. Tarehe 1 Aprili 1999 Nunavut ikaanza, moja ya tano ya Kanada nzima. Hayo utayakuta popote.

Mimi nimenasa 1997. Mzee alikuwa mwenyekiti wa tume ya kuiandaa Nunavut, na tume ikapendekeza kila jimbo lichague wabunge wawili, mwanamume na mwanamke. Si viti maalum vya orodha ya chama, Zuhura, ni kura za jimbo kabisa! Ikapigwa kura ya maoni Mei, asilimia 57 wakakataa, na waliojitokeza hawakufika hata nusu. Kati ya waliopinga hadharani alikuwamo waziri mwanamke, Manitok Thompson: wanawake washinde kwa uwezo wao, wasibebwe. Ukaja uchaguzi wa 1999. Wabunge 19, mwanamke mmoja. Nani? Manitok huyo huyo! Nimecheka ndani ya basi mpaka jirani akahama kiti.

Sasa hapo mimi sijui nimlilie mzee au nimpe mama wa watu haki yake, maana si alishinda kweli? Lakini mmoja kati ya 19, jamani... Na 2008 Eva Aariak akawa waziri mkuu wa Nunavut, naye tena ndiye mwanamke pekee aliyeshinda uchaguzi ule. Ningekuwa mwalimu ningewaacha watoto wagombanie hapo hapo, kura ile ya 1997, wasikimbilie kwingine.

Mdahalo ni lini hasa? Upande wa kupinga umempa nani, yule binti wa Bi Rehema mwenye mdomo? Mkuu wa shule keshakubali wazazi waje? Na wewe mwenyewe ungepiga ndiyo au hapana? Usinijibu kiualimu. Mama miguu vipi? Msellem karudisha cherehani?

Wako,
Mwanaidi