Taarifa ya mtoto anayeumizwa haingoji ushahidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wenzangu wa mialo, yaani mahali pa kushushia samaki, ya Igombe, Kayenze na Kirumba, na yeyote anayeishi nyumba za kupanga hapa Mwanza, ambako ukuta mmoja unatenganisha familia mbili na kilio cha mtoto hakijifichi.

Kila ukigusia habari za mtoto anayeteswa, watu hujibu: "Sina ushahidi." Mtu ameona, amesikia, amesikitika, kisha anaendelea na shughuli zake. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, haimtaki jirani awe mpelelezi. Inampa kila mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kwenda kueleza kwenye serikali ya mtaa. Ushahidi au taarifa, kimojawapo kinatosha. Kuchunguza ni kazi ya afisa ustawi wa jamii na polisi.

Nina uchungu na jambo hili. Mwanamke ninayeanika naye dagaa alikwenda ofisi ya mtaa kueleza habari za binti mdogo aliyeletwa kutoka kijijini kusaidia kazi kwa jirani yake. Akaambiwa alete ushahidi, kisha akaulizwa kama ana ugomvi na jirani huyo. Alichokiona ni hiki: nyumba ina watoto wanne. Watatu wanatoka asubuhi na sare za shule, huyu wa nne anakuja mwaloni na ndoo. Kichwani ana mapunye yaliyotunga usaha. Jua la saa saba limewaka, yeye yumo ndani ya sweta la mikono mirefu, na ukimwita kwa ghafla anainua mkono kukinga uso. Mtu aliyebeba habari nzito kiasi hicho alirudishwa nyumbani mikono mitupu.

Wapo wanaosema sisi sote ni maskini, nani asiyekosa kumtimizia mwanawe? Umaskini huwapata watoto wote wa nyumba. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa wasivulike na mitumbwi ikalala ufukweni, wanalala njaa wote. Kifungu kilekile kinamtaja mzazi au mlezi mwenye uwezo anayekataa au kupuuza kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Kwa hiyo usimlinganishe mtoto wa Igombe na mtoto wa Capri Point, kwa wenye nacho. Mlinganishe na wenzake wa nyumba ile ile, tena mlinganishe na yeye mwenyewe wa miezi michache nyuma. Alikuwa msemaji, sasa hasemi. Alishaacha kukojoa kitandani, ameanza tena. Akitumwa kwa mtu fulani analia, wala hataki kueleza kwa nini.

Majeraha nayo yana lugha yake. Mtoto mchezaji huchubuka magoti, ugoko, viwiko na paji la uso. Alama za masikioni, mgongoni, makalioni au mapajani kwa ndani hazitokani na kuruka kamba. Uji ukimmwagikia mtoto huunguza ovyo, kwa michirizi. Mkono uliotumbukizwa kwenye maji ya moto huungua wote mpaka kwenye mstari mmoja, kama aliyevaa glovu.

Kwa aliyebakwa au kulawitiwa ndipo tunapokosea vibaya zaidi, maana wazee huitwa, fidia ikapangwa, jambo "likaisha kifamilia". Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na zikiwahi ni bora zaidi. Kikao cha ukoo kinamaliza saa hizo. Mtoto asiogeshwe, nguo zisifuliwe, apelekwe hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambalo hutoa PF3, fomu ambayo daktari hujaza matokeo ya uchunguzi wake. Na akikusimulia, msikilize mara moja, mwambie hana kosa, usimzungushe kwa shangazi na majirani arudie maneno yaleyale. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hao wamo katika mitaa yetu hii hii.

Ombi langu ni kwa Manispaa ya Ilemela na Jiji la Mwanza. Pale tunapolipia ushuru wa dagaa tunapita sote, mwanamke na mwanaume. Bandikeni hapo namba ya afisa ustawi wa kata, pamoja na 116, simu ya huduma kwa mtoto isiyo na malipo. Na wenyeviti wa mitaa waelekezwe kwamba anayekuja na habari za mtoto aandikiwe maelezo yake siku hiyo hiyo, na jina lake lisifikishwe kwa anayelalamikiwa.

Mfanyabiashara wa dagaa,
Igombe, Mwanza