Mwanangu, kabla hujasaini mkataba wa muhula mmoja

Mwanangu mpendwa,

Hongera kwa kupewa vipindi vya kufundisha historia na falsafa ya uchumi chuoni. Sasa tulia upige hesabu kabla kalamu haijagusa mkataba.

Wiki 12, saa mbili kila wiki, ni saa 24 za darasani, na huenda ndizo pekee watakazokulipa. Mhadhara mpya unakula kama saa nne za maandalizi kwa kila saa ya kufundisha: hizo 96. Wanafunzi 40, insha mbili kila mmoja, dakika 25 kwa insha, ni karibu saa 33. Ongeza 12 za kuonana nao ofisini. Jumla 165. Gawa malipo kwa 165, ndipo utajua saa yako inauzwa bei gani. Uliza kwa maandishi kama usahihishaji umo, na nani atasimamia mitihani ya marudio, maana hiyo huja mkataba ukishakwisha, na walimu wa muda huifanya bure kwa kuona haya.

Kozi yenyewe usiitanue kutoka Aristotle hadi jana. Kurasa 15 hadi 20 kwa wiki zinatosha. Ukiwapa 80 watasoma muhtasari wa mtu mwingine. Upande wa historia, wachumi hawa: Adam Smith wa 1776 na kitabu chake Utajiri wa Mataifa, Ricardo wa 1817, kisha 1871, mwaka ambao Jevons na Menger walichapisha kila mmoja kivyake wazo kwamba thamani ya kitu hutegemea manufaa ya kipande cha mwisho kinachoongezwa, na Walras akafuata 1874. Upande wa falsafa, anza na fasili ya Robbins ya 1932 ya uchumi ni nini, halafu insha ya Friedman ya 1953 juu ya namna ya kupima nadharia za uchumi.

Watateleza kwa Smith. Wengi huja wakidhani kitabu kizima kimejengwa juu ya "mkono usioonekana", kumbe humo umetajwa mara moja tu, Kitabu cha Nne, sura ya pili, akimzungumzia mfanyabiashara anayependelea kuweka mtaji nchini mwake kuliko ng'ambo. Mmoja aisome aya hiyo kwa sauti, wengine waseme inadai nini hasa. Usiharakishe kuwatajia jibu.

Kwa Friedman hali ni ngumu zaidi. Anapima nadharia kwa utabiri wake, si kwa uhalisia wa dhana zake, na darasa husikia "uongo ruksa". Hapo mlete mwanafalsafa Hausman, anayempinga kwa mfano wa mnunuzi wa gari kuukuu: kuliendesha kidogo hakutoshi, fungua boneti, kwa sababu kesho litapita barabara nyingine. Na dhana za nadharia zikaguliwe vivyo hivyo.

Wanafunzi wa uchumi wamezoea swali lenye jibu moja. Wa falsafa wanaikimbia grafu. Kwa hiyo insha ya kwanza iwe fupi, maneno 600 juu ya aya moja: mwandishi anasema nini, na pingamizi kali kuliko yote ni lipi. Irudishe kabla ya wiki ya tano, maoni matatu tu pembeni. Ukiandika kumi hawasomi hata moja.

Somo hili ni yatima kidogo: idara ya uchumi huliona la falsafa, ya falsafa huliona la uchumi. Kama unaweza kufundisha pia misingi ya uchumi ya mwaka wa kwanza, liseme mapema. Huenda ndilo likakupa muhula wa pili.

Barua pepe na maktaba hufungwa mkataba ukiisha. Wiki ya kumi, hamisha makala zako, omba nakala ya tathmini za wanafunzi, na mwombe mkuu wa idara barua ya kukupendekeza angali anakumbuka sura yako.

Mama yako