Yule mama wa Tom and Jerry asifutwe

Mhariri, naandika kuhusu katuni za zamani za Tom and Jerry, hasa yule mama mweusi wa kazi za ndani ambaye tunaonaga miguu na aproni tu, uso karibu hauonekani kabisa. Toka 1940 mpaka 1952 alikuwepo, na sauti ni ya Lillian Randolph, mwigizaji mweusi wa Marekani, mwenye kipaji kwelikweli ila kazi nyingi alizokuwa anapewa ni za kuigiza hausigeli.

Miaka ya 1960 wakamchora upya akawa mzungu ili TV zionyeshe, mi naona hapo ndo wamemfuta mara ya pili, inaniuma sana. TV zetu zionyeshe zile za asili, ila mwanzoni waweke maandishi ya Kiswahili yaeleze dharau iliyomo, na jina la Lillian liandikwe, maana watoto wanaangalia bila mtu wa kuwaambia.