Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Trufi, Tente na Pleroti

Ndugu wanachama, wakina mama na wakina baba,

Mwaka huu hakuna jambo lililoulizwa katika mikutano yetu ya Lubumbashi kama trufi, ule uyoga unaokomaa chini ya udongo na kuuzwa Ulaya kwa bei ya kumfanya mtu akohoe. Maswali yalizidi baada ya baadhi yetu kuuziwa "mbegu za trufi" na mfanyabiashara aliyepita mjini. Kwa hiyo nitaanza na hilo.

Trufi haina mbegu ya kupanda shambani. Huishi kwa kushikamana na mizizi ya mti, ikiupatia mti maji na madini nao ukiipatia sukari, na anayetaka kuilima hununua miche ya mwaloni au hezeli iliyotiwa spora (chembe za uzazi za uyoga) mizizini ikiwa kitaluni, kisha husubiri miaka 5 hadi 8, pengine zaidi, kabla ya kuchimba ya kwanza. Trufi nyeusi ya Périgord, kule Ufaransa, hutaka udongo wenye chokaa, wa pH (kipimo cha asidi) 7.5 hadi 8.3, yaani usio na asidi, pamoja na majira ya baridi kali. Ile nyeupe ya Alba, kule Italia, ni ngumu zaidi, kwani hadi leo karibu yote hutafutwa porini kwa mbwa waliofunzwa kuinusa. Nguruwe naye huinusa vizuri, ila huila kabla mwenyewe hajainama. Udongo wetu mwekundu una asidi. Mwanachama aliyependekeza tutumie udongo wa kichuguu, ambao kweli huwa na chokaa, alifikiri vizuri, lakini kichuguu hakileti baridi. Hata trufi ya Kalahari, ambayo watu wa Namibia na Botswana huitambua kwa nyufa zinazojitokeza mchangani, ni ya nchi kavu. Kwa hiyo kamati haikuidhinisha hata franka moja kwa miche ya trufi.

Tulicho nacho ni uyoga wetu wa msituni, tente na kitondo, ambavyo huishi na mizizi ya miti ya miombo, musuku ukiwamo, kwa namna ileile trufi inavyoishi na mwaloni. Ndiyo maana havistawi bustanini, na ndiyo maana mahali miti ilipokatwa ili kuchoma makala havirudi, hata mvua ya Desemba ikinyesha vizuri. Wakina mama wanaouza kando ya barabara ya Kasumbalesa wameniambia kwamba sasa huondoka usiku ili wafike msituni kukipambazuka. Uyoga wa vichuguu una njia yake nyingine, kwa kuwa hulishwa na mchwa, nao tunauomba tu usichimbuliwe pamoja na kiota.

Pleroti, uyoga tunaoulima wenyewe, ambao hukua juu ya mabua na maranda bila kuhitaji mti ulio hai, umeendelea vizuri, isipokuwa fungu moja lililoota ukungu wa kijani kwa sababu mabua hayakuchemshwa vya kutosha. Niliyesimamia moto siku hiyo ni mimi.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi naomba kura juu ya mambo mawili: kwamba mwanachama asiuze uyoga wa msituni ambao haujatambuliwa na mama wawili wazoefu, na kwamba fedha zilizopendekezwa kwa ajili ya miche ya trufi zilipie mlinzi wa kipande cha miombo tulichoruhusiwa na chifu kukitunza, kuanzia kabla ya mvua za Novemba.