Ulipoinuka kwenye sinia

Mwanangu mpendwa,

Habari za mitihani nimezipata, tunashukuru Mungu. Huku Muheza michungwa imebeba vizuri, na mama yako hajambo. Siku ile ya Pasaka hajaitaja hata mara moja, nami sikutaka kusema mbele ya watu. Ndiyo maana naandika.

Tulikaa mkekani, sinia moja, mimi na wewe na mjomba wako. Ulikuwa unakula vizuri, hata ukamsogezea mjomba paja la kuku. Mara wenzako wa ushirika wa chuo wakabisha hodi. Ukanawa mikono, ukasema umeshiba. Mjomba akautazama wali uliobaki upande wako, akacheka: "Vijana wa siku hizi matumbo madogo." Alikusitiri, mwanangu, wala hukujua.

Jambo hilohilo lilimpata mtume Petro kule Antiokia. Alikuwa akila na waumini wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, bila wasiwasi, mpaka walipofika watu kutoka kwa Yakobo, Yerusalemu. Hapo akaanza kujitenga, na Wayahudi wengine wakamfuata, hata Barnaba. Paulo akamkabili mbele ya wote. Iko kwenye Wagalatia, sura ya 2. Ninachokiona mimi ni kwamba Petro hakubadili mahubiri yake hata neno moja. Alibadili pa kukaa tu.

Na alikuwa ameshafundishwa! Alipokuwa Yafa alikaa kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, mtu ambaye kazi yake ni kushika ngozi za wanyama waliokufa, nyumba iko kando ya bahari. Saa sita mchana akapanda darini kuomba, njaa inamuuma, akaonyeshwa ile nguo kubwa iliyojaa wanyama wa kila namna. Akaambiwa achinje ale. Akakataa, kwamba hajawahi kula kitu najisi. Akaambiwa mara tatu. (Huyu Petro na mara tatu zake, sijui.) Bado anashangaa, watumishi wa Kornelio wako mlangoni. Kornelio alikuwa akida wa Kirumi huko Kaisaria, mwendo wa kama kilomita 50 kufuata pwani. Petro akaenda na ndugu sita, akaingia nyumbani mwa asiyetahiriwa, akahubiri, na Roho Mtakatifu akawashukia wenye nyumba kabla hajamaliza hata kusema.

Sasa soma Matendo ya Mitume, sura ya 11, polepole. Aliporudi Yerusalemu, hawakumuuliza alihubiri nini. Walimlaumu kwa kuingia kwa watu wasiotahiriwa na kula nao. Mtu wa Mataifa kusikia Neno, sawa. Kumegeana naye mkate ndipo palipokuwa na kazi.

Umeniandikia kwamba sisi ndio Israeli mpya, kwamba Wayahudi wametupwa na wasioamini hawatuhusu. Nani amekufundisha kusoma habari hii ukijiweka upande wa Petro? Sisi ni wa nyumba ya Kornelio. Neno Mataifa katika Biblia ndilo jina letu, mimi na wewe na babu yako aliyebatizwa mtu mzima. Paulo aliposema Injili ni kwa Myahudi kwanza na kwa Myunani pia, alikuwa anatuonyesha mlango tulioingilia.

Wakristo wa Mataifa kule Roma nao walianza kujivuna, ndipo akawaandikia mfano wa mzeituni. Wewe umekulia kwenye miche ya kubebesha, utanielewa. Sisi huchukua kikonyo cha chungwa tamu tukakibebesha kwenye shina gumu la mlimau. Paulo amegeuza: tawi la mwituni ndilo linalopachikwa kwenye mti mzuri wa shambani. Mkulima yeyote wa hapa angemcheka, na mwenyewe anakiri kwamba ni kinyume cha asili. Kisha anawaambia wasiwacheke matawi yaliyokatwa, kwa sababu si wao wanaolibeba shina, shina ndilo linalowabeba. Na anaongeza kwamba Mungu anaweza kuyapachika tena matawi hayo. Hapo umepata wapi ya kutupwa?

Jambo la mwisho, ni la jikoni. Ule mkutano wa Yerusalemu, mwaka wa 49 hivi, uliamua kwamba watu wa Mataifa wasilazimishwe kutahiriwa. Lakini waliandikiwa barua wajiepushe na vilivyotolewa kwa sanamu, na damu, na nyama iliyosongolewa, yaani ya mnyama aliyenyongwa, na uasherati. Nilipokuwa kijana nilijiuliza nyama iliyosongolewa inahusiana nini na wokovu. Siku hizi naisoma hivi: hakuna aliyesema wataokolewa kwa kuchinja vizuri. Walitaka Myahudi aweze kunyoosha mkono kwenye chakula cha ndugu yake bila moyo kumsuta.

Unajua kwa nini kuku wa nyumba hii huchinjwa na mjomba wako tangu nilipomwoa dada yake? Mama yako alipobatizwa, nduguze hawakumfukuza. Nami sikutaka waje kwake wakae na njaa. Basi kisu tukampa mjomba, ikawa hivyo miaka 27. Hatujawahi kufanya mkutano juu yake. Kuku uliyemwacha kwenye sinia ndiye huyo.

Sikuambii ufiche imani yako. Mjomba anajua unakwenda wapi Jumapili, na siku ya kipaimara chako ndiye aliyekununulia viatu.

Alipita juzi kuulizia unafika lini Desemba. Ana jogoo mwekundu anamlisha pumba, anasema atamchinja mwenyewe. Nimemwambia utakuja tarehe 22 na kwamba safari hii utakuwa na njaa. Usije ukanifanya mwongo.

Baba yako